Kumi na Moja wa Mwalimu Consolata

Consolata Tadeo aliingia ualimu kwa hasira, na humo humo kwenye hasira amekaa miaka thelathini na moja. Watu wa Pangani humwambia hasira hasara. Yeye hujibu kwamba hasara ni shule ya watoto mia sita isiyo na mwalimu wa fizikia, na kama yuko mtu anayeweza kulitazama jambo hilo akatabasamu, basi huyo akapimwe.

Hasira yenyewe aliipata kwenye kambi ya wakata mkonge. Baba yake, mzee Tadeo, alikuja kijana kutoka Kigoma kukata mkonge ng'ambo ya mto, akaoa huko huko, akazeekea huko huko. Consolata alipokuwa darasa la tano, mwalimu mmoja mgeni aliwaambia darasa zima kwamba vichwa vya watoto wa kambi Mungu aliviumba kubebea mizigo. Consolata alirudi nyumbani akamwambia baba yake kuwa atasoma, atakuwa mwalimu, kisha ataenda kumtoa yule bwana kwenye kiti chake. Kabla mwaka haujaisha yule bwana alipata uhamisho akaenda zake. Hilo ndilo ambalo Consolata hajalisamehe mpaka leo. Tusi alilimeza, lakini mtu kukutukana kisha akaondoka kabla hujamwonyesha, hilo halimezeki.

Leo anafundisha hisabati kwenye sekondari ya kata, na uhamisho bado ndio adui yake. Walimu hupangiwa Pangani kutoka kila pembe ya nchi. Wanafika na begi moja, hata pazia hawatungiki, na wiki ya pili wanaulizia barua ya kuhama inaandikwaje. Wana sababu zao, wazazi wao wako mbali, chakula kigeni, nani atawalaumu? Consolata anawalaumu. Darasa lina watoto wa wavuvi wa Kidigo, wa Kizigua kutoka mashambani, wa Waarabu wenye minazi, wa Wasambaa walioshuka mlimani, wa kambi kama yeye mwenyewe. Mbele yao anasimama mpita njia. Mtoto wa namna hiyo akue akijua nini, kama si kwamba elimu ni kitu kinachopita kwenda kwingine?

Kwa hiyo miaka kumi na tano iliyopita alianza kazi ambayo hakutumwa na mtu. Kila mwaka, wanafunzi wa kidato cha nne wakikaribia kujaza fomu za uchaguzi, zile zinazosema mtoto anataka kwenda kidato cha tano au chuo gani, Consolata hufunga kanga yake kiunoni akapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta walimu. Hakutafuta waliofeli. Waliofeli wazazi wenyewe huwaleta, "Mwalimu, huyu hana pa kwenda, mtie hata ualimu," naye hiyo "hata" huwarudishia pale pale mlangoni. Alitaka wenye akili, na aliwataka wa kila kabila na kila dini, wa mjini na wa kambini, ili ubaoni asimame mtu ambaye mtoto anamjua shangazi yake. Katika miaka kumi na tano aliwapata kumi na moja. Aliwataja kwa hesabu hiyo, "kumi na moja wangu," kama mwenye timu.

Wa pili katika hao alikuwa Godlisten, kijana wa Kilutheri, wazazi wake Wasambaa waliohamia karibu na Ushongo. Huyu ndiye aliyekuwa fahari yake, maana alipoajiriwa alirudi kufundisha pale pale aliposoma, na sasa ndiye mwalimu wa taaluma, mwenye kabati la mitihani na kompyuta ya shule. Wa kumi na mbili alitaka awe Huwaida.

Huwaida binti Amjad alikuwa na miaka kumi na saba, mpole wa sauti, baba yake yuko Maskati kikazi, mama yake Bi Zeyana anaangalia nyumba na minazi. Mwalimu wa fizikia alipopata uhamisho mwezi wa pili, kidato cha pili walibaki na kipindi kitupu. Huwaida, aliyekuwa kidato cha nne, aliingia siku moja kuwanyamazisha kwa sababu walikuwa wanapiga kelele, akakuta swali la mkondo wa umeme ubaoni limeachwa nusu, akalimalizia. Kesho yake walimfuata. Alifundisha kipindi kile mpaka mwezi wa tisa, bila mtu kumtuma na bila mtu kumshukuru. Consolata alisimama dirishani siku moja akamwona anavyofanya. Mtoto mmoja alikuwa amekosea jibu, na Huwaida badala ya kumsahihisha alimwuliza, "Umefikaje hapo?" Consolata aliondoka pale dirishani machozi yakimlenga, na kwa kuwa hapendi kulia, alimgombeza mpiga kengele.

Kwenye mahafali, kama ilivyo ada ya shule hiyo, mshereheshaji aliwaita wanafunzi bora mmoja mmoja akawauliza wanataka kuwa nani. Kila mtu hutoa jibu lake na ukumbi hupiga makofi. Rubani, makofi. Daktari, makofi na vigelegele. Alipofika Huwaida, wa kwanza katika sayansi zote, yule mshereheshaji alisogeza kipaza sauti kwa mbwembwe.

"Mwalimu wa fizikia," alisema Huwaida.

Ukumbi ulicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyocheka mtoto akisema atamwoa bibi yake. "Jamani, fizikia imemzidi huyu!" alisema mshereheshaji, wakacheka tena. Consolata aligeuka kutazama benchi la walimu. Nao walikuwa wanacheka. Mwalimu wa Kiswahili alishika mbavu. Wanacheka nini hawa? Wanaicheka kazi inayowalisha! Huwaida alikuwa amesimama kule mbele, ushungi wake mweupe, anatazama chini kama aliyekamatwa anaiba.

Consolata alinyanyuka, akapanda jukwaani, akamnyang'anya yule bwana kipaza sauti.

"Aliyecheka asimame," alisema. "Asimame atuambie nani alimfundisha kusoma hiyo ratiba aliyoishika."

Hakusimama mtu. Mgeni rasmi alitazama viatu vyake. Katika walimu wote mmoja tu ndiye hakucheka tangu mwanzo, Godlisten, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Consolata alimwona, akajisemea, huyo ndiye wangu.

Matokeo yalipotoka Huwaida alikuwa na daraja la kwanza. Ilipofika mwezi wa nne mfumo wa serikali wa mtandaoni ulifunguliwa kwa wiki chache ili wanafunzi waweze kubadilisha machaguo yao kwa simu, na siku zilipobaki nne Huwaida alimfuata Consolata pale shuleni, simu ya mama yake mkononi.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi sikujaza hivi."

Kwenye fomu yake ya karatasi, ambayo Consolata aliiona kwa macho yake, chaguo la kwanza lilikuwa chuo cha ualimu wa sayansi, stashahada ya miaka mitatu. Kwenye mfumo chaguo la kwanza lilikuwa fizikia, kemia na baiolojia, kidato cha tano, shule ya mbali. La pili hivyo hivyo. Chuo hakikuwepo hata mwisho. Na aliyeziingiza fomu zote kwenye mfumo alikuwa mtu mmoja.

Consolata aliufungua mlango wa ofisi ya taaluma bila kubisha hodi.

"Nani ameichezea fomu ya Huwaida?"

Godlisten hakukana wala hakubabaika. Aliweka kalamu chini. "Nilibadilisha mimi, Mwalimu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa ya miaka sita."

"Usinifumbie fumbo. Mimi si mtoto mwenzako."

"Sikufumbii, Mwalimu. Nilimaliza chuo nikakaa miaka sita bila ajira. Kila mwaka naomba, kila mwaka jina halimo. Nilijitolea shule tatu, nikifundisha vipindi vingi kuliko walioajiriwa, nakula kwa hisani ya wazazi wa watoto. Likizo nilipasua kokoto. Watu wakinipita wananiita 'ticha', wanacheka. Mchumba wangu alingoja miaka minne, akachoka, akaolewa Korogwe." Aliyasema yote hayo kwa sauti ile ile ya kusoma ratiba. "Yule binti amepata daraja la kwanza. Aende kidato cha tano, aende udaktari. Nilipoiona fomu yake nilijiona mimi. Nikamwokoa."

"Ukamwokoa! Ungemwuliza kwanza kama anazama!"

"Wewe mimi uliniuliza?"

"Mimi ndiye ninayetoa ajira?" Consolata alipiga meza, rula ikaruka. "Mimi ndiye niliyefunga nafasi? Kagombane na waliofunga!"

"Hapana, Mwalimu, ajira hutoi wewe. Lakini wewe ndiye uliyekuja kwetu ukamwambia mama, 'Mwalimu halali njaa.' Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeshika ndoo." Hapo ndipo sauti yake ilipotikisika kidogo. "Katika miaka ile sita ulinipigia simu mara ngapi?"

Consolata alimwamuru aandike kwenye karatasi neno la siri la kubadilishia machaguo ya Huwaida kwenye mfumo, akaichukua, akaubamiza mlango mpaka darasa la jirani likanyamaza.

Msidhani alilainika. Hasira ndiyo ilizidi, ila ilikosa pa kukaa. Alasiri ile alikaa kibarazani kwake, akachukua karatasi aandike majina ya wale kumi na moja na wako wapi, ili amwonyeshe Godlisten kwamba yeye ni mmoja tu aliyekosa bahati. Majina aliyaandika haraka. Walipo, aliwajua wanne. Nihal, wa tatu, msichana wa Kiarabu aliyemtoa kwa mama yake kwa mbinde, alisikia tu kwamba yuko Tanga mjini. Sami, mwingine wao, hakujua kama yu hai. Mtu mzima wa miaka hamsini na tano, miaka kumi na tano anajisifu na watu ambao hajui wanakula wapi! Aliikunjakunja ile karatasi akaitupa uani, kisha akatoka kwenda kuiokota.

Kubadilisha chaguo ilikuwa kazi ya dakika tano, lakini Huwaida hakukubali kuigusa simu. "Siwezi bila radhi ya mama, Mwalimu," alisema, na hapo hapakuwa na la kubishana. Bi Zeyana, kwa upande wake, alikuwa ameshawatangazia ndugu mpaka Maskati kwamba mwanawe atakuwa daktari.

Consolata alikwenda Jumatano. Nyumba ya Bi Zeyana iko mtaa wa zamani karibu na mto, kuta nene, mlango mzito. Alikaribishwa kwa heshima zote, kahawa na visheti, Huwaida akiwahudumia kisha akakaa mkekani kando ya mama yake.

"Nalijua ulilojia," alisema Bi Zeyana. "Nami nikwambie mapema, usije ukapoteza mate. Mwanangu amejaaliwa udaktari, wewe wataka umteremshe. Mwalimu kwetu ni yule wa chuoni anayesomesha Kurani, na yule Mungu ndiye anayemlipa. Huyu wako wa serikali watamtupa huko Kilindi, msichana wa watu, chumba cha kupanga, hana ndugu mahram wa kumlinda, hana jirani. Nitalala mimi?"

Consolata alivuta pumzi aanze khutba yake. Aliijua kwa moyo, miaka kumi na tano ameihubiri, ina mahali pa kucheka na mahali pa kunyamaza. Alisema juu ya watoto, juu ya wapita njia, juu ya mto unaolisha minazi ya mbali, ya hapa ikakauka. Akafika pale panaposemwa "Mwalimu halali njaa." Maneno yakagoma. Aliyavuta, hayakuja. Akamwona Huwaida anamtazama, anangoja.

"Bi Zeyana," alisema, "nataka kukudanganya na ulimi umekataa."

Akamweleza yote. Fomu ilivyobadilishwa na nani. Godlisten na miaka yake sita. Kwamba mtoto anaweza kumaliza chuo akakaa bure, na akipata kazi anaweza kutupwa mbali, na hakuna wa kumhakikishia lolote. Kwamba katika kumi na moja wake saba hajui walipo. Alisema kwa ukali, kama anayemgombeza mtu, na mtu mwenyewe alikuwa yeye.

Bi Zeyana alikitua kikombe. "Haya uliyoniambia leo, wale wenzangu uliwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Huyo kijana ana mama?"

"Anaye."

"Ushamwendea?"

"Sijamwendea."

"Subhanallah!" Sasa Bi Zeyana ndiye aliyekasirika, na hasira ya mtu mpole haina breki. "Wachukua mtoto wa mwenzio kwa maneno matamu, yanamchachia, wala huendi hata kumwambia pole? Na leo ati wanijia mimi wataka na wangu! Mkuki kwa nguruwe, bibi, ndivyo ulivyo. Mahafalini uliwafokea watu kama askari, nami nilikuwepo, nikasema, naam, huyu mwalimu. Kumbe wafoka tu! Sikiliza. Mimi simtoi mwanangu kwa mtu asiye na radhi ya mzazi mwenzangu. Nenda kwa mama yake huyo kijana. Neno atakalokupa, jema au baya, niletee kama lilivyo. Usilitie sukari."

Consolata aliondoka bila kumaliza kahawa. Njiani alisema peke yake kwa sauti, watu wakimtazama. Yeye atumwe kama kitwana! Yeye aliyefundisha nusu ya mji huu! Mwanamke ambaye hajawahi kukamata chaki amfundishe adabu! Aliyasema hayo mpaka mlangoni kwake, na kila alipoyasema yalipungua nguvu, kwa sababu alijua, na ndicho kilichomtia wazimu, kwamba yule mwanamke amesema kweli.

Alhamisi alivuka kwa kivuko kwenda Bweni, akakodi bodaboda mpaka karibu na Ushongo. Mama Godlisten anaishi kando ya barabara, anafua mashuka ya nyumba za wageni zilizoko pwani. Alimkuta uani, beseni tatu mbele yake, kamba zimejaa mashuka meupe. Mwanamke mrefu, mkavu, kilemba kichwani. Alimwona Consolata, akaendelea kufua.

"Habari za hapa, mama," alisema Consolata.

"Nzuri. Amekufa mtu?"

"Hapana."

"Maana sijui kingine kitakachokuleta."

Consolata alisimama juani. Hakuambiwa karibu. Alianza kueleza habari za fomu, na Huwaida, na mfumo, na Bi Zeyana, mpaka akajisikia mwenyewe anavyozunguka. "Nimekukosea, mama," alisema. Maneno hayo mawili yalimtoka kama jino. "Nilimchukua Godlisten hapa nikakuahidi jambo nisilokuwa na uwezo nalo. Kisha sikurudi."

Mama Godlisten alilitoa shuka kwenye maji. "Shika ncha hiyo," alisema.

Wakalikamua, huyu huku, huyu kule, shuka linajinyonga katikati, maji yanawatiririka miguuni. Wakaanika. Wakalikamua la pili. Mikono ya Consolata haijazoea, ilimwuma, naye akashika la tatu.

"Siku aliyomaliza chuo nilimshonea suti," alisema Mama Godlisten kwenye shuka la tatu. "Nilisema ataivaa siku ya kuripoti kazini. Ililiwa na mende sandukuni. Mwaka wa nne aliacha kula na sisi. Alikuwa anasema ameshiba. Mtoto anapasua kokoto tangu asubuhi, ameshiba nini? Nikawa najifanya naamini." Alikung'uta shuka kwa nguvu, likalia. "Wewe ulipita hapa mara mbili kwenye basi, na walimu wenzio, mnakwenda kusherehekea siku yenu pale ufukweni. Mnaimba. Nilikuona dirishani. Nikasema, leo atasimama."

"Sikusimama."

"Hukusimama."

Consolata alitafuta hasira yake, ile ya siku zote, imsaidie kusimama wima. Hakuiona. Kulikuwa na aibu tu, na aibu hakuizoea, hakujua mtu huishikaje.

"Nipe neno la kumpelekea yule mama," alisema mwishowe.

"Mwambie asimpeleke." Mama Godlisten aliinamia beseni. "Mwambie Mama Godlisten amesema hivyo. Na wewe nimekusikia. Kukusamehe sijui, labda nikifua haya yote yakaisha. Lakini nimekusikia."

Kwenye kivuko cha kurudi shetani alimjia na sukari. Angeweza kusema mama yule amesamehe. Angeweza kusema, "Amesema ni uamuzi wako," na nani angevuka mto kuuliza? Kesho Ijumaa jioni mfumo unafungwa, mtoto anamponyoka mikononi, watoto wa kidato cha pili wameingia cha tatu hawana mwalimu. Neno dogo tu. Alilitafuna neno hilo mpaka kivuko kikagota upande wa pili, kisha akalitema, akihisi kwamba hata kulitafuna kulikuwa kumtukana Mama Godlisten.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alikuwa kwenye mkeka wa Bi Zeyana. Alilitoa neno lile jinsi lilivyo, na suti, na basi la walimu wanaoimba, na "kukusamehe sijui." Hakuruka kitu. "Amesema usimpeleke," alimalizia.

Bi Zeyana alimgeukia Huwaida. "Basi umesikia," alimwambia bintiye. "Mwenye jeraha amesema."

"Nimesikia," alisema Huwaida. Kisha yule mtoto mpole akainua uso, na Consolata aliona kitu ambacho hajapata kukiona kwake. Alikuwa amekasirika. "Nimesikia nyote. Mwalimu Godlisten amenionea huruma, akanibadilishia fomu. Mwalimu Consolata anataka shule yake ipate mwalimu. Wewe mama umeshawaambia watu wa Maskati. Mama Godlisten anamlilia mwanawe. Mimi nani ameniuliza? Mahafalini niliulizwa, nikajibu, mkacheka!"

"Mimi sikucheka," alisema Consolata.

"Wewe ulipigana, Mwalimu. Hukuniuliza." Alifuta pua kwa ushungi. "Nimefundisha miezi minane sina barua, sina cheo, sina asante. Hiyo kazi ya bure mnayoniogopesha nayo nimeshaifanya. Naijua. Siku ambazo sikuingia kidato cha pili ndizo nilizochoka. Nikikaa miaka sita nitalia, najua nitalia. Lakini nitalia kwa nililolitaka mwenyewe. Mama, niulize."

Bi Zeyana alimtazama mwanawe kama anayemtazama mtu aliyeshuka safari. Uso wake ulipita mambo mengi, na hasira ilikuwamo, na woga ulikuwamo.

"Wataka nini, mwanangu?" aliuliza.

"Ualimu, mama."

"Utanitia aibu Maskati."

"Nisamehe, mama."

Bi Zeyana alishusha pumzi ndefu, kisha akamgeukia Consolata, na kidole kikanyooka. "Wewe! Hili neno ulilonijia nalo limekupinga mwenyewe, nawe umelileta. Kwa hilo tu nakuamini, si kwa jingine. Radhi namwachia. Lakini sikiliza. Huyu akimaliza chuo akakaa bila kazi, kila Ijumaa utakuja hapa. Hutapiga simu, utakuja. Utakaa hapo ulipokaa, umtazame usoni, umwulize amekula nini. Iwe mwaka, iwe sita, iwe kumi."

"Nimekubali."

"Usikubali haraka. Umri wako nauona."

"Na nikifa kabla?"

"Utaacha wasia."

Huwaida aliichukua simu. Consolata alimsomea neno la siri kutoka kwenye karatasi ya Godlisten, herufi moja moja, mkono wake ukiwa bado na malengelenge ya mashuka. Mtandao ulizunguka, ukagoma, ukazunguka tena. Walikaa wote watatu wakiinamia kioo kile kidogo mpaka kikaandika kuwa chaguo limebadilishwa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Huwaida alimbusu mama yake mkono, na mama akampapasa kichwa, macho yake yakiwa mlangoni.

Kisha Bi Zeyana akamrudia Consolata. "Na wale saba ambao huwajui walipo?"

Consolata alikuwa ameshasimama, anavaa viatu. Angejibu kwa ukali, ndivyo alivyozoea, na ukali ulikuja mpaka kwenye meno. Akaurudisha.

"Kesho asubuhi naenda Tanga mjini," alisema. "Yuko mmoja anaitwa Nihal. Nimeulizia, nasikia anauza vocha za simu pale Usagara."